Marais wa Uganda: nani hasa alimfuata nani?

Uliza marais wa Uganda walivyopokezana, na mara nyingi utatajiwa majina matatu: Obote, Amin, Museveni. Anayejua zaidi ataongeza kwamba Obote alirudi mara ya pili. Inaniuma kuona hata wanafunzi wa historia wakiikariri orodha hiyo, kwa sababu walioachwa nje ndio wanaoeleza kwa nini Ikulu ya Kampala ilibadilisha wakazi kwa kasi namna ile.

"Obote ndiye rais wa kwanza"

Sivyo. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Milton Obote alikuwa waziri mkuu. Mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Walter Coutts. Mwaka mmoja baadaye urais ulikwenda kwa Mutesa wa Pili, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, kwa maelewano kati ya UPC, chama cha Obote, na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka. Maelewano hayo yaliingia nyufa mwaka 1964, wapiga kura wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti mbili zilizokuwa chini ya Buganda, walipoamua kurudi ufalme wa Bunyoro. Kama Rais, Mutesa alitakiwa kuridhia. Kama Kabaka, alitakiwa kuitetea ardhi ileile. Sidhani kuna mtu angeweza kuvaa kofia hizo mbili kwa pamoja. Mwaka 1966 Obote alitwaa madaraka yote, akajifanya Rais, na tarehe 24 Mei jeshi chini ya Idi Amin likashambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Mutesa alifia uhamishoni London mwaka 1969.

"Amin alipoanguka, Nyerere akamrudisha Obote madarakani"

Dhana hii imeenea sana, hasa Tanzania, na chanzo chake kinaeleweka. Obote alipinduliwa na Amin tarehe 25 Januari 1971 akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akapokewa Dar es Salaam, na Nyerere hakukubali kumtambua Amin.

Lakini Waganda waliokutana Moshi Machi 1979, vita vya Tanzania dhidi ya Amin vikiendelea, walimchagua kuwa kiongozi Yusuf Lule, msomi aliyewahi kuongoza Makerere. Obote hakuwemo mkutanoni. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na Lule akaapishwa siku mbili baadaye. Alidumu siku 68 tu: aliteua mawaziri bila kulishirikisha baraza la UNLF, umoja uliozaliwa Moshi, nalo likamwondoa.

Akafuata Godfrey Binaisa, aliyekuwa mwanasheria mkuu katika serikali ya kwanza ya Obote. Mei 1980 alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, David Oyite Ojok, akaondolewa yeye. Aliyemng'oa ni Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, ambayo makamu mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni. Jambo hili husahaulika mno. Kwa jina, urais ulishikwa na tume nyingine, ya watu watatu. Nguvu zilikuwa kwa Muwanga.

Obote alirejea Uganda baada ya hapo, mwezi huohuo wa Mei, na UPC ikatangazwa mshindi wa uchaguzi wa Desemba 1980, ambao wapinzani waliukataa. Ushawishi wa Nyerere haukuwa mdogo, maana wanajeshi wa Tanzania walikuwa bado Uganda. Hata hivyo, kati ya Amin na Obote kuna takriban miezi 20 na tawala kadhaa zilizoanguka.

"Museveni alimpindua Amin"

Wengine husema alimpindua Obote. Hakumpindua yeyote kati yao. Ni kweli kwamba kikundi chake cha FRONASA kilipigana upande wa Tanzania mwaka 1979, na kwamba alipoingia msituni Februari 1981 alikuwa anapigana na serikali ya Obote. Ila Obote aliangushwa na wanajeshi wake mwenyewe tarehe 27 Julai 1985, wakiongozwa na Bazilio Olara-Okello. Siku mbili baadaye akaapishwa Jenerali Tito Okello. Ni watu wawili tofauti, ingawa wengi huwachanganya.

Tito Okello na Museveni walitia sahihi mkataba wa amani Nairobi tarehe 17 Desemba 1985, Rais Moi akiwa msuluhishi. Haukudumu. Januari 1986 NRA, jeshi la msituni la Museveni, iliiteka Kampala, na Museveni akaapishwa tarehe 29. Serikali aliyoiangusha ni ya Tito Okello.

"Uganda haijawahi kuwa na ukomo wa urais"

Ulikuwepo. Katiba ya 1995 iliweka vipindi viwili vya miaka mitano, na Mei 1996 Waganda wakampigia kura rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Mutesa alichaguliwa na Bunge, na mwaka 1980 urais ulifuata chama chenye wabunge wengi. Bunge liliufuta ukomo wa vipindi mwaka 2005. Desemba 2017 likaondoa na ukomo wa umri wa miaka 75.