Dirisha la Tkinter linapokataa kutii: dhana potofu na ukweli wake

Wengi wanaojifunza kutengeneza programu za dirisha kwa Python huanzia kwenye Tkinter, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Fomu ya kwanza hukaa vizuri. Kisha mtu anaburuta pembe ya dirisha, au anaihamishia programu kwenye kompyuta ya mwenzake, na mpangilio wote unaparaganyika: vitufe vimejazana juu kushoto, sehemu ya kuandika imebaki fupi, lebo imekatika katikati ya neno. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Ongeza width (upana), punguza padx (nafasi ya pembeni), badilisha namba mpaka ikae.

Chanzo cha kubahatisha huko ni imani moja tu: kwamba ukubwa unaouandika kwenye msimbo ni amri. Tk, maktaba iliyo chini ya Tkinter, ambayo John Ousterhout aliianzisha akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, haifanyi kazi hivyo. Kila wijeti, yaani kitufe, lebo, sehemu ya kuandika na vipande vingine vya dirisha, huomba ukubwa inaouhitaji. Msimamizi wa mpangilio, yaani pack, grid au place, hupokea maombi, huangalia nafasi iliyopo, kisha hugawa. Karibu kila dhana iliyo hapa chini inatokana na kusahau kwamba kuna anayeomba na kuna anayegawa.

"Nimeandika width=300 kwenye Frame, basi itakuwa pikseli 300."

Frame, yaani fremu inayobeba wijeti nyingine, itakuwa hivyo ikiwa tupu. Ukishaweka ndani yake hata kitufe kimoja kwa pack au grid, fremu inaiacha 300 yako na kujikunja hadi itoshane na kilichomo. Wanafunzi huona hili kama hitilafu, lakini ndilo linalowezesha dirisha kujipima lenyewe kufuata maandishi na fonti. Ukitaka fremu ishike ukubwa uliouandika, iambie pack_propagate(False), au grid_propagate(False) kama watoto wake, yaani wijeti zilizo ndani yake, wamepangwa kwa grid. Kwa utepe wa menyu wa pembeni, hiyo inafaa kabisa. Ila ukiitumia kila mahali umejitwika kazi ya kupima kila kitu kwa mkono, na Tk haitakusaidia tena.

Kuna na mtego mwingine kwenye neno hilohilo width. Kwenye Frame na Canvas (eneo la kuchorea) ni pikseli. Kwenye Entry (sehemu ya kuandika mstari mmoja) na Text (ya mistari mingi) ni idadi ya herufi, na height ya Text ni idadi ya mistari. Button ya kawaida yenye maandishi huhesabu herufi pia, lakini ukiiwekea picha, namba ileile inageuka kuwa pikseli. Ndiyo maana kitufe chenye width=10 kilichokuwa kimekaa vizuri hunywea ghafla mara tu unapokiongezea ikoni.

"Nimeweka sticky='nsew', kwa nini haitanuki?"

Hili ndilo swali ninalolisikia kuliko yote, na linastahili jibu la taratibu. Kwenye grid, inayopanga kwa safu mlalo na safu wima, kuna vitu viwili tofauti: chumba, na wijeti iliyomo chumbani. Sticky inaihusu wijeti tu. Inaiambia ijinyooshe hadi kwenye kuta za chumba chake. Haikikuzi chumba chenyewe hata kidogo. Anayekuza vyumba ni weight, nayo huwekwa kwenye kontena, yaani fremu au dirisha linalobeba vyumba hivyo:

fomu.columnconfigure(1, weight=1)
fomu.rowconfigure(3, weight=1)

Kila safu mlalo na safu wima huanza na weight ya 0, maana yake haichukui hata pikseli moja ya nafasi ya ziada. Dirisha likikuzwa, nafasi mpya hubaki wazi kulia na chini, na vilivyomo vinabaki vimejibana juu kushoto. Na sharti hili hurudiwa kila ngazi. Ikiwa Entry imo ndani ya fremu, na fremu imo ndani ya dirisha kuu, basi dirisha kuu liwe na weight, fremu iwe na sticky, fremu iwe na weight yake, na Entry iwe na sticky yake. Kiungo kimoja kikikosekana, mnyororo wote hauvutiki. Unapotafuta tatizo, anza dirisha kuu na ushuke ngazi kwa ngazi. Wengi huanza na wijeti ya ndani kabisa, na saa nzima hupotea hapo.

"Safu mbili zenye weight=1 zitalingana upana."

Si lazima. Weight hugawa nafasi ya ziada peke yake, baada ya kila safu kupewa ilichoomba. Tuseme safu ya kwanza inaomba pikseli 200, ya pili 100, na dirisha lina 500. Ziada ni 200; kila moja inapata 100. Matokeo ni 300 na 200. Ukitaka 250 kwa 250, zipe zote mbili uniform yenye jina moja, jina lolote, na hapo upana wote utafuata uwiano wa weight. Kipengele hiki kinatajwa mara chache mno kwenye mafunzo ya mwanzo, na inasikitisha, maana kingeokoa fomu nyingi.

Dhana iliyo jirani nayo: kuruka kutoka row=0 hadi row=5 ili kuacha nafasi. Safu mlalo tupu ina kimo cha sifuri. Tumia pady (nafasi ya juu na chini) au minsize (kimo kisichopungua).

"Kwenye pack, mpangilio wa mistari ya msimbo haujalishi."

Unajalisha sana. Pack hugawa nafasi kama abiria wanavyopanda daladala: aliyetangulia kakaa, na wa mwisho ndiye anayebanwa. Kila wijeti hukata kipande chake kwenye uwazi uliobaki, na inayofuata hupewa masalio. Dirisha likipunguzwa, iliyopakiwa mwisho ndiyo hunyongwa kwanza, hata ikatoweka kabisa. Kwa hiyo upau wa hali unaokaa chini ya dirisha, wenye side='bottom', upakie kabla ya eneo kubwa la maandishi. Ukiuacha mwisho, mtumiaji mwenye skrini ndogo hatauona.

Pia fill na expand si kitu kimoja. Expand hudai nafasi ya ziada. Fill huijaza ile uliyopewa. Mara nyingi unazihitaji zote mbili.

"Pack na grid haziwezi kukaa kwenye programu moja."

Zinaweza, mradi zisigombee kontena moja. Dirisha kuu litumie pack na fremu iliyo ndani itumie grid, hakuna shida. Tangu Tk 8.6 kuzichanganya ndani ya kontena moja huleta kosa papo hapo. Kwenye matoleo ya zamani zilibishana bila mwisho na programu ikaganda.

"Place ni bora kwa sababu naamua mwenyewe kila kitu kiko wapi."

Kwenye mashine yako, ndiyo. Lakini Tk huhesabu fonti yenye ukubwa chanya, kama 12, kwa pointi, huku x na y za place zikiwa pikseli. Kwenye skrini yenye ukuzaji tofauti, herufi zinaweza kukua ilhali nafasi ulizoziandika zinabaki palepale, na lebo moja inaipanda nyingine. Zaidi ya hapo, place haimpi mzazi taarifa yoyote ya ukubwa: fremu yenye watoto wa place tu, na isiyo na width wala height, haionekani kabisa. Place ina kazi zake, kama kuweka kitu katikati kwa relx=0.5 na rely=0.5, lakini fomu nzima usiijenge juu yake.

"Ni lazima kuandika geometry('600x400')."

Usipoiandika, dirisha hujipima kwa kilichomo. Ukiiandika, linaacha kusikiliza maombi ya ndani, na wijeti utakazoongeza baadaye zinaweza kukatwa. Mtumiaji akiburuta dirisha kwa kipanya, matokeo ni hayohayo. Ukiita geometry kwa mfuatano mtupu wa herufi, linarudi kujipima. Mara nyingi unachohitaji hasa ni minsize, ili lisipunguzwe kupita kiasi.

"winfo_width inanipa 1, basi wijeti yangu imeharibika."

Haijaharibika; haijachorwa bado. Ugawaji wa nafasi hufanyika programu inapopata nafasi ya kupumua, si pale unapoita pack. Ita update_idletasks kwanza, au uliza winfo_reqwidth ujue wijeti imeomba kiasi gani. Na kama unataka kujua kila ukubwa unapobadilika, mathalani ili wraplength ya lebo (upana ambapo maandishi huhamia mstari mpya) ifuate upana wa dirisha, fungamanisha tukio la Configure.

Ukilinganisha winfo_reqwidth na winfo_width baada ya dirisha kuonekana, unapata jibu la maswali mengi: ya kwanza ni ombi, ya pili ni kilichotolewa. Paka kila fremu rangi yake ya muda, nyekundu, njano, buluu, na utaona ni chumba kipi kilikataa kukua. Fremu za ttk, seti ya wijeti za Tkinter zinazofuata mandhari, hazikubali bg (rangi ya usuli), kwa hiyo hizo zipe relief='solid' na borderwidth=1; mpaka mwembamba utatosha.