Kunduchi, nenda maji yakijaa

Nilipoanza kuangalia ndege Dar es Salaam, nilishika ushauri wa vitabuni: damka mapema, ndege hula asubuhi. Nikafika kwenye majaruba ya chumvi ya Kunduchi saa nne kasoro, darubini shingoni. Nilikuta yangeyange wanne na mbwa mmoja. Mzee aliyekuwa akikwangua chumvi aliitikia shikamoo yangu, kisha akacheka. "Mwanangu, leo bamvua, maji yamepwa mbali. Hao unaowatafuta wako kule," akanyoosha mkono kuelekea baharini. "Rudi saa kumi."

Nikarudi. Kingo za majaruba zilikuwa zimejaa ndege hadi udongo hauonekani.

Ndege wa pwani hawafuati jua, wanafuata maji. Yakipwa, hutawanyika kwenye matope kuchokoa minyoo na kaa, iwe mchana au usiku. Yakijaa, meza yote inafunikwa, nao hutafuta mahali pakavu pa kujipumzisha. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yetu hujaa mwendo wa saa kumi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu, yasipojaa wala kupwa sana, sipotezi nauli: sehemu ya matope hubaki wazi na wengi hawaji.

Wageni huniuliza kwanza rangi. Achana nayo, Novemba karibu wote ni kijivu na kahawia. Tazama mwendo. Kitwitwi hukimbia, husimama ghafla, hudonoa, kwa sababu huwinda kwa macho. Chamchanga hawasimami: mdomo unapanda na kushuka kama sindano ya cherehani, maana ncha yake ndiyo inayopapasa chakula topeni. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, huutumbukiza kwenye shimo la kaa.

Ninayemsubiri mimi ni Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni, Oman ikiwemo, tena ndani ya shimo analochimba mchangani. Joto la mchanga humsaidia kuatamia. Huanza kutufikia Agosti. Tofauti na majahazi ya zamani, yeye hangoji kaskazi. Kinda huja na mzazi, na huku bado linalilia kulishwa, ingawa limeshakuwa kubwa.

Machi na Aprili ndipo rangi hurudi. Chamchanga aina ya Calidris ferruginea hugeuka wekundu wa tofali na kunenepa, tayari kwa safari ya Siberia. Mafuta hayo ndiyo nauli yao, na kila unapowakurupusha unawapunguzia. Mimi hukaa chini kwenye tuta, mbali, nikawahesabu kwa mafungu ya kumi kumi. Vichwa vikianza kuinuka vyote kwa pamoja, rudi nyuma polepole, kabla hawajaruka.