Hesabu mbavu

Miaka yangu ya mwanzo ya kupiga picha za eksirei, aliletwa mtoto wa miaka tisa hivi aliyeanguka kwenye mwembe. Msimu wa maembe sisi huujua kwa mikono iliyovunjika kabla hatujayaona maembe yenyewe sokoni. Fomu aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja: kaanguka, bega linauma, mtulinga (mfupa unaounganisha bega na kifua)? Nikapiga picha, nikabandika filamu kwenye boksi la taa, na papo hapo nikaona: mtulinga umekatika katikati, kipande kimoja kimepanda juu ya kingine. Nikajiona fundi. Mzee mmoja wa kitengo chetu, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, akaja kusimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Umeona nini, kijana?"

"Mtulinga, mzee. Umevunjika."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Hesabu mbavu."

Nikahesabu kwa kidole kuanzia juu. Ubavu wa tatu ulikuwa na ufa. Wa nne nao. Wala haikuwa mipasuko ya kubahatisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona, mradi tu asingesoma ile fomu.

Kosa hili tunalijua sana kazini. Ukishapata ulichotumwa kukitafuta, ubongo unakunja jamvi. Lakini lipo lingine linalonitisha zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Trafton Drew, waliwapa madaktari bingwa 24 wa mionzi picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) za mapafu na kuwaomba watafute vinundu, vile vidonge vidogo vinavyoweza kuwa saratani. Ndani ya baadhi ya picha walikuwa wamepachika mchoro wa gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Na kifaa kilichofuatilia macho yao kilionyesha kwamba wengi wa hao 20 walimtazama gorila huyo moja kwa moja. (Gorila, jamani, si sokwe. Sisi wa Kigoma wenye sokwe wa Gombe na Mahale hatuna ruhusa ya kuwachanganya.)

Watu wakisikia habari hii hucheka, kisha huuliza kama madaktari wale walikuwa wazembe. Hapana. Walikuwa wanafanya kazi yao vizuri mno. Kinundu ni kidoa cheupe, na ubongo uliowekwa tayari kukamata vidoa vyeupe ulikipita kitu cheusi chenye manyoya.

Nyosha mkono wako mbele, tazama kidole gumba. Eneo unaloliona kwa ukali kamili halizidi sana upana wa kidole hicho. Kwingine kote unaona kwa ukungu, ila hujui kwamba ni ukungu, kwa sababu jicho linarukaruka kama mara tatu kwa sekunde na ubongo unavishona vile vipande kuwa picha moja. Swali ni nani anayelielekeza jicho liruke kwenda wapi. Wakati mwingine ni kitu chenyewe: kinang'aa, kinatikisika, kinapiga kelele. Mara nyingi ni wewe, yaani swali ulilonalo kichwani. Sehemu ya mbele ya ubongo hupeleka maagizo nyuma, kwenye maeneo yanayochambua picha, na seli zinazoshughulika na kile unachokitafuta hupandishwa sauti huku za vingine zikishushwa. Hata kwenye thalamasi, kile kituo cha katikati ambako habari za jicho hupitia, miunganiko inayoshuka kutoka gamba la ubongo ni mingi kuliko inayotoka jichoni. Mimi bado nalishangaa jambo hili. Kabla jicho halijamaliza kusema, ubongo umeshaanza kulijibia.

Hapa niseme na wahamasishaji. Nasikia kila kukicha kwamba kuna "mfumo wa retikula" kwenye shina la ubongo, na kwamba ukiuandikia malengo yako asubuhi utakuletea fursa. Mfumo huo upo. Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha mwaka 1949 kwamba ukiuchokoza, ubongo wa paka unaamka. Kazi yake kubwa ndiyo hiyo: kukuamsha na kukuweka macho. Hausomi daftari la malengo. Ukinunua Boxer ya bodaboda leo, kesho utaziona Boxer hapa mjini Kigoma kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na zilikuwepo jana vilevile. Hakuna kilicholetwa. Kilichobadilika ni uchujaji, na chujio huchagua cha kupita na cha kubaki kwa mkupuo mmoja.

Gharama hiyo niliiona ziwani. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa Kibirizi, na usiku mmoja wa giza (mwezi ukiwa mpevu hawaendi) nilimwomba anichukue. Taa zikawashwa juu ya maji, tukakaa. Mimi niliona maji meusi na wadudu wanaogonga taa. Saa nzima. Kisha akanyanyua mkono: "Wamepanda." Wapi, baba? Akanionyesha: chini ya mwanga, rangi ya maji ilikuwa imegeuka kidogo, kama bati lililofutwa vumbi, na cheche ndogondogo zikipita upande mmoja. Baada ya kuonyeshwa sikuweza tena kutoziona. Wakati tunavuta wavu nikamuuliza wale waliopita na redio yenye taarabu walikuwa wa wapi. Akanitazama. "Akina nani waliopita?" Mtumbwi ulikuwa umepita hatua kama ishirini kutoka kwetu, redio juu kabisa.

Swali la usiku mmoja likifanya hivyo, fikiria la miaka thelathini. Imani ni fomu ambayo hukumbuki nani aliijaza. Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960, kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji wetu, wanasayansi waliamini kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee anayetengeneza zana. Yeye hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu wakati huo, na Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu aliyemtuma, alipenda hivyo, mtu ambaye kichwa chake hakijajazwa nadharia. Mwaka huohuo akamwona sokwe dume, aliyempa jina David Greybeard, akipachika majani kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Sidai kwamba msomi aliyebobea asingeyaona majani yale. Nadhani angeyaona, kisha angesema sokwe anacheza.

Turudi kwa baba mdogo, maana ndiye mgonjwa wangu pia. Magoti yake, anasema, yanaijua mvua siku moja kabla. Nimempiga picha: gegedu, lile tandiko laini kati ya mifupa, limelika pande zote mbili, umri na kamba za wavu. Nilimweleza kwamba mwaka 1996 Donald Redelmeier na Amos Tversky walichapisha utafiti wa wagonjwa 18 wa viungo waliofuatiliwa kwa miezi 15, na maumivu yao hayakuonyesha uhusiano na hali ya hewa, ijapokuwa wagonjwa wenyewe waliuamini sana. Akaguna. Hao ni wa kwao, akasema. Magoti haya ni ya Kibirizi.

Sawa. Nikampa daftari. Kila siku, baba, iwe mvua au jua, andika mambo mawili: goti limeuma au halijauma, mvua imenyesha au haijanyesha. Nilimsisitizia kwamba tunazihitaji siku za aina zote nne, hata ile ya jua na goti zima, ambayo haina habari yoyote ya kusimulia. Akaahidi.

Baada ya miezi miwili nilipita kwake jioni kula migebuka. Akaniletea daftari mwenyewe, kafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kurasa tano, mwandiko safi, tarehe zimenyooka. Kila mstari: goti limeuma, mvua imenyesha.

"Baba, na siku nyingine?"

"Zipi?"

"Zisizo na mvua. Zisizo na maumivu."

Akalichukua daftari, akalipekua polepole toka mwanzo.

"Hizo," akasema, "hazikuwa na kitu cha kuandika."