Chura hanywi maji kwa mdomo

Chura akiwa na kiu hujilaza penye unyevu, akabandika tumbo na mapaja chini, na maji yakapenya ngozi hadi kwenye damu. Ngozi hiyohiyo humsaidia kupumua. Ni nyembamba, haina magamba wala manyoya, huloweshwa na ute wa tezi zake, na chini yake imejaa mishipa midogo ya damu inayopokea oksijeni na kutoa kaboni dioksidi.

Mapafu pia anayo, lakini hana kiwambo kati ya kifua na tumbo, na vyura wengi hawana mbavu za kuwasaidia kuvuta hewa. Ndiyo maana koo lake hupandashuka muda wote: hushusha sakafu ya mdomo hewa iingie puani, kisha huziba pua na kuisukuma mapafuni. Moyo una vyumba 3. Macho nayo yana kazi ya ziada, kwani chura anapomeza mdudu huyadidimiza ndani ya fuvu yasukume chakula kooni.

Lakini ni ngozi inayonipa wasiwasi. Kinachopitisha maji na hewa hupitisha pia sumu, kwa hiyo tafadhali, bomba la kupulizia dawa shambani lisioshewe mtoni.

Chura wa Kihansi anatuonyesha uzito wa jambo hili. Ni mdogo, hafiki sentimita 3, na jike huzaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, katika milima ya Udzungwa, Tanzania. Mwaka 2000 maji mengi yalipoelekezwa kuzalisha umeme, manyunyu yalipungua sana. Mitambo ya kunyunyiza maji ikawekwa, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka, na kuvu wa kitridi akagundulika. Kuvu huyu hushambulia ngozi na kuizuia kusawazisha chumvi za mwili, hadi moyo unasimama. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini.

Kwa bahati njema, baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani mapema kutunzwa na kuzalishwa. Kizazi chao kilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kuvu yule husafiri kwenye tope na maji, na hafi kirahisi palipo na unyevu. Ukitoka bwawa moja kwenda jingine, safisha viatu na uvianike vikauke kabisa.