Ushirika wa Wanafunzi Wakristo Chuoni: Ni Nini Hasa?

Mwanafunzi akipiga simu nyumbani na kusema "leo jioni nina feloshipu", mzazi anaweza kudhani mwanawe anakwenda kanisani, au kwenye mazoezi ya kwaya, au kwenye mkutano wa injili. Yote hayo yamo, lakini hakuna hata moja linalotosha kuieleza. Ushirika wa wanafunzi Wakristo ni jumuiya ya wanafunzi wa chuo kimoja wanaokutana kwa ratiba ili kuabudu, kujifunza Biblia, kuomba, kuishuhudia imani yao na kuchukuliana mizigo, na wanaoiendesha wenyewe kwa viongozi waliowachagua kutoka miongoni mwao. Jumuiya hiyo huweza kudumu chuoni kwa miongo mingi, ila kila aliyemo anapita: miaka mitatu kwa shahada nyingi, minne kwa uhandisi, mitano kwa udaktari. Anayetaka kuelewa kwa nini mambo yake huendeshwa jinsi yanavyoendeshwa aanzie kwenye kupita huko.

Si jambo la jana. Wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, waliunda umoja wao mwaka 1877. Mwaka 1895 Mmarekani John Mott na wenzake kutoka nchi kadhaa walikutana Vadstena, Sweden, wakaanzisha shirikisho la dunia la wanafunzi Wakristo, linalojulikana kwa kifupi WSCF. Mwaka 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, vyama vya kiinjili vya nchi kumi viliunda shirikisho jingine, IFES. Barani Afrika kilifuata chombo kilichoitwa PAFES, mwaka 1958. Hiki kilituma wahudumu kuzunguka vyuoni, kulala kwenye mabweni na kukaa na vikundi vidogo vya wanafunzi. Mmoja wa wahudumu hao alikuwa David Gitari, ambaye baadaye, kuanzia 1997 hadi 2002, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya, na sauti yake dhidi ya dhuluma za watawala ilisikika nchi nzima. Kwa hiyo anayeona feloshipu kama mchezo wa vijana wenye muda mwingi aliangalie jina hilo tena.

Leo katika vyuo vya Tanzania utakuta ushirika zaidi ya mmoja, na mwaka wa kwanza huchanganyikiwa kwa vifupi vyake. USCF imelelewa chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CCT, ambamo mna makanisa kama Kilutheri, Anglikana, Moravian na Mennonite. TAFES haifungamani na dhehebu moja, na ni mwanachama wa IFES, kama ilivyo FOCUS kwa Kenya, inayounganisha umoja wa Wakristo wa chuo kimoja kimoja, ule ambao Wakenya huuita CU. CASFETA ni ya wanafunzi wa Kipentekoste. Wakatoliki wana TMCS, yenye Misa na padre mlezi, na Waadventista wana TUCASA, ambayo hukutana Jumamosi. Kwa Burundi, Rwanda na Kongo vikundi vya aina ya TAFES hujulikana zaidi kwa kifupi cha Kifaransa, GBU. Salamu peke yake hukuonyesha uko wapi: ukiingia ukasikia "Tumsifu Yesu Kristo", jibu ni "Milele na milele, amina", ukisikia "Bwana Yesu asifiwe", unaitika "Amina" kwa sauti.

Wiki ya kawaida ina umbo lake. Kuna ibada ya pamoja, mara nyingi katika ukumbi wa mihadhara ulioombwa kwa barua kwa uongozi wa chuo. Kuna siku ya maombi, siku ya mafundisho, mazoezi ya kwaya na ya timu ya sifa, na usiku mmoja wa vikundi vya Biblia. Kila kazi ina idara yake: maombi, uinjilisti, sifa na kuabudu, ukaribisho, huduma kwa wahitaji. Mtu wa nje huona jukwaa, vinanda na kwaya zenye sare. Hivyo ni vizuri na vina kazi yake, lakini mimi ukiniuliza ushirika fulani una afya au hauna, sitaangalia jukwaa. Nitauliza vikundi vya Biblia vinakutana au vimekufa.

Kikundi cha Biblia ni watu sita hadi kumi hivi, chumbani bwenini au chini ya mti karibu na hosteli, kwa saa moja au moja na nusu. Hakuna mhubiri. Anayeongoza ni mwanafunzi mwenzao, na kazi yake kubwa ni kuuliza. Kwanza wanasoma kifungu chote kwa sauti, kisha wanauliza kinachosema: nani yupo, nini kinatokea, neno gani linarudiwa. Ndipo wanauliza maana yake kwa waliokisikia mara ya kwanza, na mwisho kinatudai nini sisi, wiki hii, hapa chuoni. Chukua Marko sura ya 2, habari ya mtu aliyepooza aliyeshushwa kupitia darini na watu wanne. Mwanafunzi wa sheria atauliza juu ya mwenye nyumba aliyebomolewa dari. Yule wa uuguzi atasema habari za kumbeba mtu asiyejiweza, maana anaijua kazi hiyo kwa mikono yake. Mwingine atagundua kwamba Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba, kabla ya kumsemesha mgonjwa. Hapo kimya huingia, na mtu ambaye hajawahi kufungua kinywa kwenye ibada kubwa anaanza kueleza kwamba yeye ndiye aliyebebwa semista iliyopita.

Injili ya Marko ina sura 16, hivyo kikundi kinachosoma sura moja kwa wiki huimaliza karibu ndani ya semista moja. Kitabu cha Ruthu kina sura nne tu, mwezi mmoja umekwisha. Anayehitimu akiwa amepita hivyo kwa miaka mitatu anaondoka na vitabu kadhaa vya Biblia alivyovisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akibishana na watu wa fani nyingine. Waumini wengi wazima kanisani hawajawahi kupata nafasi hiyo.

Jambo la pili lenye uzito ni kutunzana. Mwanafunzi aliyetoka Kigoma au Mtwara anafika Dar es Salaam au Mbeya hana shangazi wala mjomba mjini. Feloshipu ndiyo inayompokea: wapo wanaosimama na mabango siku za usajili, wanambebea begi, wanamwonyesha ofisi ya mikopo na mahali chakula kinapouzwa kwa bei nafuu. Bumu, yaani fedha za mkopo wa kujikimu, likichelewa, na huchelewa, mfuko wa wahitaji hutoa fedha kidogo za kula. Wengine hufanya kimyakimya: anayepika chumbani huongeza kikombe kimoja cha mchele na kumwita jirani bila kumuuliza kama ana njaa. Mwanachama akilazwa, ratiba ya kumtembelea hupangwa ili asipite siku bila uso anaoufahamu. Akipata sapu, yaani akitakiwa kurudia mtihani wa somo aliloshindwa, anatafutwa mwenzake wa kozi hiyo aliyefaulu somo lile ili asome naye.

Na msiba ukitokea? Mwanafunzi anapofiwa na mzazi katikati ya semista, habari husambaa kwenye makundi ya simu ndani ya dakika chache. Usiku ule ule wenzake wanakusanyika chumbani kwake, wanaimba, wanaomba, wanakusanya nauli. Mara nyingi wawili au watatu husafiri naye hadi kijijini wakiwa na rambirambi, hata kama ni safari ya basi ya kutwa nzima. Nimewahi kusikia wazee msibani wakiuliza, "Hawa vijana ni ndugu wa nani?" Wakajibiwa ni wa feloshipu ya chuo. Sioni maelezo ya dhana hii yaliyo wazi kuliko hayo.

Mikesha ya maombi inajulikana, sitakaa nayo sana. Huanza saa tatu au nne usiku na kwenda hadi alfajiri, kwa kawaida mwisho wa wiki ili watu wasikose vipindi. Yapo pia maombi ya kufunga kabla ya mitihani, na mikutano ya Pasaka inayokusanya wanafunzi wa vyuo vya kanda moja.

Misheni inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi hutoka nje ya uzio. Wakati wa likizo, timu ya ushirika huenda wilayani kwa wiki moja au zaidi kwa mwaliko wa makanisa ya huko. Maandalizi huchukua miezi: kukusanya nauli kwa michango na kwa kuuza vitu vidogovidogo, kupata vibali vya serikali ya mtaa au kijiji, kupanga nani atapika. Wanalala sakafuni kwenye madarasa au majumba ya kanisa. Asubuhi wanapita nyumba kwa nyumba wawili wawili, mchana wanaingia shuleni, jioni kuna mkutano wa hadhara. Wanafunzi wa udaktari wakiwamo, huongezwa upimaji wa shinikizo la damu na ushauri wa afya. Kipimo cha misheni njema ni kile kinachobaki timu ikishaondoka: majina ya waliotaka kuendelea kufundishwa yamekabidhiwa kwa wachungaji wa pale, na wachungaji hao walishirikishwa tangu mwanzo. Timu inayofika, ikahubiri kwa kishindo na kuondoka bila kumkabidhi mtu yeyote kwa yeyote, imewaachia wenyeji kazi ambayo hawakuiomba.

Sasa tuje kwenye uongozi, ambapo kule kupita kunaonekana waziwazi. Mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na viongozi wa idara huchaguliwa kwa mwaka mmoja, na wengi huwa mwaka wa pili au wa tatu. Kijana wa miaka 22 anajikuta akiongoza mamia ya watu, akisimamia bajeti, akipatanisha kwaya mbili zilizogombana, akiandika barua kwa mshauri wa wanafunzi. Ikitokea mtihani umepangwa Jumamosi, viongozi wa TUCASA ndio wanaokwenda kuzungumza na utawala kwa niaba ya wanaoitunza Sabato. Mlezi yupo, aghalabu mhadhiri au mchungaji, lakini mlezi mwenye busara hushauri tu, haongozi. Miezi michache baadaye kijana yule anakabidhi kila kitu: daftari la fedha, vyombo, orodha ya wanachama, madeni. Makabidhiano yakifanywa ovyo, ushirika huanza upya kila mwaka kama mtoto mchanga. Yakifanywa vizuri, aliyeingia anajifunza kwa aliyetoka, na anaanza mapema kumwandaa atakayemfuata.

Hayo yanaeleza pia kwa nini ushirika si kanisa. Kanisa lina watoto, wazee, wajane, ndoa na mazishi. Ushirika una watu wa rika moja. Kwa kawaida haubatizi wala kufungisha ndoa wenyewe. Sakramenti huja na mchungaji au padre kutoka nje. Hauwezi kumlea mtu kwa maisha yake yote, wala haukuundwa kwa ajili hiyo.

Ninaowahofia ni wale wanaosahau mpaka huo. Yako makundi chuoni yanayojiita ya Kikristo ambayo kiongozi wake anaamua nani amuoe nani, anakataza maswali, anadai fedha za mkopo ziwe sadaka, na kuwaambia vijana wasiwasikilize wazazi wala wachungaji wao. Mwaka wa kwanza akikutana na moja la hayo, atoke, na amweleze mlezi au mshauri wa wanafunzi. Lakini hata ndani ya ushirika halali kuna mafundisho yanayodhuru, na baya kuliko yote kwa mwanafunzi ni lile la kwamba maombi yanaweza kuziba nafasi ya kusoma. Nimeona viongozi waliohudumu usiku na mchana, kisha matokeo ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, yakatoka wamepata disko, yaani wameondolewa masomoni. Wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili ya ada hawakustahili hilo, na wala Mungu hakuomba. Ushirika unaojiheshimu hupunguza ratiba wiki za mitihani, na hauoni haya kumwondoa kiongozi kwenye zamu ili akasome.

Semina za mahusiano na uchumba hujaza ukumbi kuliko zote, na ni haki yake, maana vijana wengi hawana mahali pengine pa kuuliza bila kuchekwa. Natamani tu mafundisho ya kazi na uaminifu wa fedha yangepata nusu ya umati ule. Hakimu, mhasibu wa halmashauri na daktari wa wilaya wa miaka kumi ijayo wamekaa humo humo ukumbini.

Kwa finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, shirika kama FOCUS au TAFES huwa na mafundisho ya kuwaandaa kwa maisha ya baada ya chuo, na wahitimu wengi hubaki wachangiaji wanaogharimia misheni na wahudumu wa vyuoni. Hata hivyo mwezi wa kwanza mtaani ni mgumu. Kanisani kwao nyimbo ni zile zile za utotoni, vikao vinaendeshwa na wazee, na hakuna anayejua kwamba yeye alikuwa katibu. Wengine hurudi chuoni kila Jumapili kwa miaka, wakikaa viti vya nyuma. Kuwatembelea wadogo ni jambo jema, na wadogo wanawahitaji. Ila Jumapili nyingi mahali pa mhitimu ni kule mtaani, kwenye jumuiya ndogondogo ya wazee watano na watoto wao, ambako pengine hakuna mtu anayejua kuongoza kikundi cha Biblia kwa kuuliza maswali, na yeye anajua.