Jicho la pweza na jicho la changu: anatomia inatufundisha nini kuhusu asili ya viumbe

Mtu anayenunua pweza na changu katika soko la samaki la Mji wa Kale, kisha akayapasua macho yao kwa kisu, ataona jambo ambalo wataalamu wamelibishania kwa muda mrefu. Kwa nje macho hayo yanafanana, na kila moja lina lenzi ya mviringo mfano wa gololi. Ndani yamepangwa kinyume. Kwa pweza, nyuzi za neva hutokea nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na kwenda zake kwenye ubongo, ilhali kwa changu, kama kwetu sisi, hupita mbele ya chembe zinazopokea mwanga, hukusanyika pamoja na kuitoboa retina ili zitoke. Pale zinapotoboa, jicho halioni. Chora vitone viwili vilivyoachana sentimita 8, fumba jicho la kushoto, kikazie macho kitone cha kushoto na uisogeze karatasi polepole: kwenye umbali wa sentimita 30 hivi, kitone cha kulia kitatoweka.

Mwaka 1802 kasisi Mwingereza William Paley alilifananisha jicho na saa, ambayo haiwezi kuwapo bila fundi. Charles Darwin alijibu mwaka 1859 kwamba mabadiliko madogo, yakichujwa na mazingira kizazi baada ya kizazi, yanaweza kuunda kiungo kama hicho. Mwaka 1996 mwanabiokemia wa Marekani Michael Behe aliifufua hoja ya fundi, akisema kwamba baadhi ya mifumo ya chembe hai ikipungukiwa na sehemu moja haifanyi kazi tena, na kwa hiyo haikuweza kujengeka hatua kwa hatua. Jicho, angalau, lina hatua zinazoonekana hadi leo: konokono wanaong'ang'ania miamba ya pwani wana kijishimo tu kinachotambua mwanga, na nautilasi, jamaa wa pweza, ana jicho lenye tundu dogo lisilo na lenzi.

Baadhi ya wanabiolojia huwajibu watetezi wa usanifu, yaani wale wanaoshikilia hoja hiyo ya fundi, kwamba jicho letu limeundwa vibaya. Mimi siridhiki na jibu hilo. Chembe za mwanga zinahitaji damu nyingi kutoka nyuma yake, na utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba chembe fulani za retina huupitisha mwanga hadi ndani. Changu anaona vizuri. Swali lenye uzito ni jingine: kwa nini changu, kasa, kunguru na mbuzi, wanaoishi maisha tofauti kabisa, wana mpangilio mmoja, hali pweza anayeishi mwamba mmoja na changu ana wake? Katika kiinitete, retina ya wanyama wenye uti wa mgongo huchipuka kutoka kwenye ubongo, ile ya pweza hutokana na ngozi. Mpangilio unafuata ukoo, haufuati makazi. Nadharia ya usanifu haituambii tutarajie lipi kati ya hayo mawili, na kwa sababu hiyo siihesabu kuwa sayansi, ingawa kumwamini Muumba ni jambo jingine ambalo kisu cha maabara hakiwezi kulipima.

Ukoo huacha alama hata kwa twiga: ana neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye zoloto, mahali pa sauti, lakini hushuka kwanza hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena shingo nzima. Kwa samaki, neva inayolingana nayo hupita nyuma ya mshipa wa matamvua, na njia hiyo ni fupi. Watetezi wa usanifu husema kwamba neva hiyo hutoa matawi kwa koo na umio njiani, na ni kweli. Hata hivyo, kuna watu wachache ambao mshipa wao wa damu wa upande wa kulia ulijengeka tofauti tumboni mwa mama. Kwao neva ya upande huo huenda moja kwa moja kwenye zoloto, nao huzungumza kama watu wengine, ishara kwamba mzunguko ule si wa lazima, na daktari anayepasua shingo kutoa tezi hulazimika kuitafuta kwa uangalifu asije akaikata.