Ualimu nje ya nchi: hesabu kuanzia siku shule inapofunguliwa, kisha rudi nyuma

Kila ifikapo Julai, dawati la ajira za nje hapa Dodoma hupokea walimu wenye swali moja: "Nafasi za Septemba bado zipo?" Nyingi huwa zimeshajazwa tangu Machi au Aprili. Kwa kuwa malalamiko ya waliochelewa yanaongezeka, na pia ya waliowapa vishoka fedha ili "wawahishiwe", ufafanuzi huu unatolewa kwa walimu wa Kiingereza na wa masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza.

Iondoke kwanza dhana kwamba ajira za nje hutoka kama mkeka wa TAMISEMI, yaani orodha ya majina ya walioajiriwa: unaamka, unafungua simu, unatafuta jina lako. Hakuna mkeka. Kila shule hutangaza kwa wakati wake, na wakati huo hufuata mwaka wa masomo wa nchi yake, ambao mara nyingi si Januari hadi Desemba tuliouzoea.

Nchi za Ghuba, China na Uingereza hufungua mwaka mwishoni mwa Agosti au Septemba. Shule za kimataifa huanza kutafuta walimu kuanzia Novemba ya mwaka unaotangulia, na usaili hupamba moto kati ya Januari na Aprili. Uingereza ina sababu yake: mwalimu wa kule anayetaka kuondoka mwisho wa mwaka wa masomo hutakiwa kutoa notisi kabla Mei haijaisha, hivyo matangazo humiminika Februari hadi Mei. Thailand hufungua katikati ya Mei na muhula wa pili huanza Novemba. Japani ni Aprili. Botswana, Zambia na Shelisheli huanza Januari kama sisi, na Rwanda siku hizi ni Septemba.

Ushauri wetu ni miezi 10 kabla ya shule kufunguliwa. Mitatu ya nyaraka, mitatu au minne ya maombi na usaili, miwili au mitatu ya kibali cha kazi na viza, na mmoja wa kumuaga mwajiri wa sasa. Anayelenga Septemba aanze Novemba. Mhitimu aliyemaliza mitihani Julai asijidanganye kuhusu Septemba hiyohiyo, kwa sababu vyuo vingi hufanya mahafali Novemba na Desemba, na barua ya matokeo ya muda haipitishwi kwenye maombi mengi ya kibali cha kazi.

Kabla ya yote, tazama kama pasipoti yako inakubalika. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. India ina makubaliano yake ya pekee na Korea. Tanzania haimo. Nchini China, utaratibu wa vibali humtaka mwalimu wa lugha atoke katika nchi ambako lugha hiyo ni lugha mama. Japani, viza ya mwalimu wa lugha wa shuleni hudai miaka 12 ya kusoma kwa lugha hiyo. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili ana miaka 6 ya sekondari na 3 ya chuo, jumla 9. Hilo ni sharti la uhamiaji, si kipimo cha Kiingereza chako, na barua ndefu za kulalamika kwa balozi hazilibadilishi. Mlango ulio wazi zaidi kwa Mtanzania ni kufundisha hisabati, sayansi au somo jingine kwa Kiingereza, au kufundisha Kiswahili.

Wapo wanaoambiwa waende China kwa viza ya biashara, "mambo mengine yatarekebishwa hukohuko". Kazi halali huanza na taarifa ya kibali cha kazi anayoiomba mwajiri, kisha viza ya Z, yaani viza ya kazi, kisha kibali cha ukaazi kinachoombwa ndani ya siku 30 baada ya kuingia. Anayefanya kazi nje ya utaratibu huo hutozwa yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Anaweza pia kuondoshwa nchini. Anayekamatwa ni mwalimu. Kishoka yuko Dar es Salaam anapokea wengine.

Nyaraka haziombwi zote siku moja, maana kila moja ina uhai wake. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10, hivyo ianze yenyewe. Matokeo ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, hudumu miaka 2. Cheti cha tabia njema cha Polisi, nchi nyingi hukikubali kikiwa hakijazidi miezi 6, kwa hiyo anayekichukua Novemba kwa ajili ya viza ya Juni atakirudia. Kichukue baada ya kupata ahadi ya kazi. Vivyo hivyo vipimo vya afya.

Uthibitishaji ndipo wengi hukwama. Tanzania haimo katika Mkataba wa Apostille wa mwaka 1961, ambao nchi wanachama hutambuliana nyaraka kwa muhuri mmoja, kwa hiyo muhuri mmoja hautoshi. Unaanza kwa aliyekitoa cheti (Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kidato cha nne na cha sita, chuo chenyewe kwa shahada), unaenda kwa wakili kuthibitisha nakala, unapeleka Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo unamaliza ubalozi wa nchi unayoenda. Ukiruka hatua, ubalozi unakurudisha mwanzo. Wizara iko Mtumba, hapa Dodoma, lakini balozi ziko Dar es Salaam. Treni ya SGR imefupisha safari, ila balozi nyingi hupokea nyaraka kwa miadi, hivyo usikate tiketi kabla ya miadi.

Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA, vyeti vya shule na pasipoti. "Mohamed" na "Muhammed" ni watu wawili machoni pa afisa wa viza. Hati ya kiapo peke yake mara nyingi hukataliwa. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa huchukua wiki kadhaa. Anayekwangua herufi kwenye cheti ili zifanane ameghushi, na Kanuni ya Adhabu inataja kifungo cha hadi miaka 7.

Kuhusu kuacha kazi: kwa anayelipwa kwa mwezi katika shule binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, ila soma mkataba wako, huenda unadai zaidi. Mtumishi wa umma huomba kibali au likizo bila malipo kupitia kwa mwajiri wake, kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mkuu wa shule si kibali. Utoro wa zaidi ya siku 5 unatosha kukufukuzisha kazi. Mwenye mkopo wa elimu ya juu wa HESLB aliyezoea kukatwa asilimia 15 ya mshahara akumbuke kuwa mwajiri wa nje hatamkatia. Atalipa mwenyewe.

Wakala wa ajira huhitaji leseni chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 na kanuni zake za 2014. TIN na leseni ya biashara ya halmashauri havimfanyi mtu kuwa wakala wa ajira. Gharama za wakala ni za mwajiri. Ukiombwa "ada ya usajili", simama, uliza TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kabla ya kutuma hata shilingi.

Ukija dawatini, njoo na vyeti halisi na nakala mbili za kila kimoja. Kilichopigwa lamineshini kibandue kwanza kwa fundi, au uombe kingine kwa aliyekitoa: muhuri hauingii kwenye plastiki.